Mistari Mitano kutoka Daftari la Fundi

14 Januari

Dada,

Shikamoo. Naandika barua kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga, Mama anakupokonya, anasema "sijambo, sijambo kabisa, kula vizuri," halafu anakata kabla sijauliza hata swali moja. Juzi sauti yake ilikuwa nyembamba. Nilipokuuliza ukasema mtandao. Haya, ni mtandao. Hata hivyo nimekata tiketi ya tarehe 20 Aprili, wiki mbili. Usimwambie bado, asije akaanza kupaka rangi kuta.

Nina ombi. Mwishoni mwa mwezi wa pili natakiwa kufundisha kipindi kimoja mbele ya wakubwa wa idara. Wakiridhika wananipa kazi ya kudumu. Wasiporidhika, mkataba unaisha Julai nami narudi kukusaidia kutia vifungo. Nitafundisha uwili wa aljebra na jometri, kitu nilichokihangaikia miaka sita. Nataka mfano wenye nyama, nao unao wewe.

Sikiliza. Chukua umbo lolote: mpira, ukuta, mtu. Lifunike usilione. Baki na vipimo vyake tu, vyote vinavyowezekana kuchukuliwa juu yake. Vipimo hivyo unaweza kuvijumlisha na kuvizidisha, na hiyo ndiyo aljebra. Watu wa fani yangu wamethibitisha kwamba kutoka kwenye vipimo peke yake, kama hujaacha hata kimoja, umbo linarudi zima. Hakuna kilichopotea. Umbo na vipimo vyake ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili.

Ila kuna ajabu moja: ukivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, mishale yote inageuka. Mkono umo ndani ya mwili, kwa hiyo mshale wa umbo unatoka kwenye mkono kwenda kwenye mwili. Lakini ukishakuwa na kipimo cha mwili mzima, kinashuka kwenye mkono. Kilichokuwa kinakwenda sasa kinarudi. Ukigeuza mara ya pili, uko ulipoanza.

Wewe unamshonea gauni mtu aliyeko mji mwingine kwa karatasi ya namba, na gauni linamkaa. Nitumie vipimo vya mtu mmoja, vilivyochukuliwa mara kadhaa. Jina si lazima.

Mdogo wako,
Profesa

*

29 Januari

Profesa (bado msaidizi),

Marahaba. Barua imefika ikiwa na kona iliyolowa lakini inasomeka.

Miaka minane hujawahi kuniuliza kazi yangu inafanyikaje. Leo unauliza kwa sababu wakubwa zako wanataka mfano. Sawa, nimekuzoea. Ila nikukumbushe, maana wewe husahau vitu vidogo: mtihani wa mwisho wa hesabu tulioufanya sote wawili, ule mwalimu aliotupa siku moja kwa vile darasa lilikuwa moja, mimi nilipata tisini na mbili na wewe themanini na moja. Tofauti kumi na moja. Aliyekwenda mbele ni wewe. Mimi nilipewa cherehani ya miguu yenye mkanda uliokatika, nikaambiwa "wewe una mikono." Kama vile kichwa nilikuwa nimeazima.

Daftari letu moja unalikumbuka? Wewe ulianzia mbele na michoro yako ya pembetatu, mimi nikaanzia nyuma na milinganyo, kila mtu akijaza kuelekea katikati. Tulipokutana ulinipiga rula ya vidole kwa sababu nilivuka pini za katikati ya daftari. Basi tabia hiyo imenibakia. Madaftari yangu yote ya vipimo naanzia ukurasa wa mwisho, nakuja mbele. Wasichana wangu wa dukani wananicheka. Tarehe siandiki, kurasa ndizo tarehe zangu.

Huo uwili wako mimi sioni ajabu yake. Nguo yoyote inashonwa ikiwa imegeuzwa, ndani iko nje. Mshono unaouona wewe ukivaa, mimi nilikuwa naushona kwa mgongoni. Kazi ikiisha naigeuza mara moja, namkabidhi mwenyewe. Wewe umesomea miaka sita, mimi nilionyeshwa asubuhi moja na mama mmoja mwenye chongo.

Vipimo ni hivi, kwa sentimita. Nimenakili kutoka daftarini. Kwanza kifua, halafu kiuno, halafu nyonga:

112, 104, 118
108, 99, 114
103, 93, 108
97, 86, 101
90, 78, 93

Urefu wa gauni 128 mara zote tano. Mifupa haibadiliki.

Ulisema jina si lazima. Mimi naona ni lazima: ni Mama. Yote ndani ya miezi kumi na minne. Mimi siandiki habari za watu, naandika vipimo. Wewe ndiye unayesema umbo zima limo humo. Basi kaa chini, liangalie.

Mama hajambo, anakusalimu. Amekaa hapa pembeni ananiuliza naandika nini, nimemwambia oda ya vifungo.

Dada yako,
Fundi

*

12 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimepokea. Nimekaa chini, nimeangalia kama ulivyosema.

Nimeelewa. Huna haja ya kuongeza neno. Nilipofika mstari wa tano nililia kidogo, mtu wa meza ya jirani akanipa kitambaa cha karatasi, kisha nikatulia. Namba zako zimesema yote, tena bila kelele, na ninajua ni kazi ya mikono ya nani. Miaka hii yote ni wewe uliyekuwa naye, mimi sikuwepo. Sikukushukuru vya kutosha, na sasa naona kwa sentimita kile ulichofanya.

Nimepata amani ambayo sikuwa nayo. Kwa hiyo nimesogeza safari. Aprili ilikuwa inanibana: kuna mkutano, kuna makala ambayo lazima yatoke kabla ya Julai. Nimebadilisha tiketi iwe Desemba, niwe na mwezi mzima, tukae. Najua utanielewa, wewe ndiye uliyenipa uhakika.

Jana nimemtumia Mama kitu kidogo kwa posta. Nimeambiwa kitapita kwa meli, kitachukua muda wake. Usimwambie ni nini, na wewe pia sikuambii.

Mistari yako mitano nitaiweka ubaoni siku ya kipindi. Niombee.

Mdogo wako,
Profesa

*

1 Machi

Ndugu,

Barua yako nimeipata Jumanne. Nimeisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka.

Umesoma, umeelewa, umelia kidogo, umepewa kitambaa cha karatasi, umesogeza tiketi. Desemba. Kutoka leo mpaka Desemba ni miezi tisa. Wewe ni mtu wa hesabu: chukua mstari wa tano, ondoa unachopaswa kuondoa mara tisa, uniambie kinachobaki.

Sina cha kuongeza. Ulisema sina haja ya kuongeza.

Nina sare arobaini za shule za kumaliza, na msichana mmoja ameacha kazi.

Fundi

*

14 Machi

Dada yangu mwenye hasira,

Shikamoo hata kama huitaki. Barua yako imenichoma, nami nimestahili. Desemba ni mbali, kweli. Na hesabu yako ya kuondoa mara tisa nimeifanya, nikapata mtu mwembamba kuliko uzi, nikajua unanitania kwa uchungu wako ule ule wa siku zote. Wewe hata ukimsifu mtu lazima umchome sindano kwanza.

Lakini nina habari itakayokutoa kinyongo. Kipindi kilikwenda vizuri mno. Nimepewa kazi. Ya kudumu! Barua ya ajira ninayo mkononi. Mkuu wa idara alisema mfano wa fundi ndio uliomfanya hata yeye aelewe kitu alichokuwa anajifanya anakielewa miaka ishirini.

Msomee Mama. Mwambie ile kazi aliyokuwa anaiulizia kila siku nimeipata, na nimeipata kwa vipimo vyake.

Mdogo wako,
Profesa (sasa karibu kweli)

*

2 Aprili

Ndugu,

Nilikupigia Ijumaa ile, tarehe 27, saa kumi jioni. Ulichosema kwenye simu ni "kwa nini hamkuniambia?" Nikakata. Hukukosea kusikia, nilikata makusudi. Nilikuwa nimezungukwa na watu, na nilichotaka kukujibu hakisemwi mbele ya watu.

Sasa nakupa habari kamili, maana una haki ya kuzijua hata kama hukuzitafuta.

Mama alifariki saa nane mchana. Nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya mteja, yeye amelala kwenye kile kitanda tulichokihamishia dukani ili asikae peke yake. Alikuwa anapenda kelele za mashine. Mashine ikinyamaza anafumbua macho, anauliza, "Uzi umekatika?" Siku hiyo nilinyamazisha mashine nibadilishe bobini. Hakuuliza.

Ugonjwa ulikuwa tumboni. Ulianza mwaka juzi mwishoni. Daktari wa kwanza alisema vidonda, wa pili akasema si vidonda. Alikuwa ananitania: "Zamani nilivaa nguo, sasa nguo zinanivaa mimi." Kila baada ya miezi mitatu nilimpunguzia magauni yale yale, mshono juu ya mshono. Ndiyo maana kuna mistari mitano. Hakuwa mteja, nilikuwa namfuata na sindano kwa nyuma.

Amezikwa Jumamosi. Watu walikuwa wengi. Nguo ya mwisho nimemshonea mwenyewe. Kipimo chake sikukiandika.

Ulijua. Nilikutumia namba, ukaandika kwa mkono wako "nimeelewa," ukasogeza tiketi. Barua yako ninayo. Kwa hiyo usiniulize tena kwa nini hamkuniambia.

Fundi

*

20 Aprili

Dada,

Leo ndiyo siku ya ile tiketi ya kwanza. Saa hizi ningekuwa natoka uwanja wa ndege, wewe ukiniambia nimekonda.

Nimechukua wiki nzima kuandika barua hii. Naomba uisome mpaka mwisho, halafu ufanye unavyotaka.

Sikujua.

Karatasi yako iko mbele yangu. Ulipoandika kwamba madaftari yako bado unaanzia nyuma unakuja mbele, nilicheka, nikalikumbuka daftari letu. Nikajiambia: Dada amefungua daftari kama watu wote wanavyofungua, kutoka mbele, akanakili alichokutana nacho. Kwa daftari lake, la mbele ndilo la karibuni. Kwa hiyo mstari wa juu ni wa sasa, na wa chini ni wa zamani. Nikaigeuza orodha. Sikusita hata dakika moja, kwa sababu kugeuza mishale ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nilijiona hodari kwamba sikuingia mtegoni.

Na nilichokiona baada ya kugeuza kilifanana na ninachokijua. Mama niliyemwacha miaka minane iliyopita alikuwa kijiti. Unakumbuka, baada ya Baba, wakati ule tulikuwa tunakula mara moja? Mstari wa tano ndiye yule Mama wa kituo cha basi, niliyemkumbatia nikahisi mbavu. Hakuna aliyewahi kuniambia alinenepa. Picha hataki kupigwa, simu yake ya vitufe haionyeshi sura. Nikasoma kutoka chini kwenda juu: tisini, tisini na saba, mia na tatu. Nikamwona anajaa mbele ya macho yangu, sentimita kwa sentimita, kwa mkono wako. Ulipoandika miezi kumi na minne nikasema, amepona kitu alichokuwa ananificha. Nililia kwa furaha, Dada. Ndiyo amani niliyokuandikia. Ndiyo sababu nilisogeza safari: nilidhani nina muda.

Kuna jingine, nalo ndilo linaloninyima kula.

Siku ya kipindi niliandika mistari mitano ubaoni, kama ilivyokaa kwenye karatasi yako. Nikauliza darasa: mtu huyu hamumwoni, mna vipimo vyake tu, niambieni hali yake. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, hajawahi kufungua mdomo muhula mzima, akasema, "Huyu ni mgonjwa. Sana." Nikatabasamu. Nikamwambia, mbele ya wakubwa wangu wote, kwamba amesoma kama wanavyosoma watu wa kawaida, kutoka juu kwenda chini, lakini kwenye uwili mshale unageuka. Nikachora mshale mkubwa wa chaki nyekundu kutoka chini kwenda juu. Nikasema, "Huyu ni mama yangu, na yuko salama." Wakapiga makofi. Yule msichana akasema samahani, akakaa.

Kwa kosa hilo ndipo nilipopewa kazi.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uniamini tu, hiyo peke yake.

Mdogo wako

*

2 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ya Aprili niliisoma, nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa cherehani ile inayoyumba. Imekaa huko mwezi mzima. Mashine imetulia vizuri, lakini mimi sikukuamini.

Nilisema, msomi huyo. Amekaa wiki nzima akapanga maneno. Mara daftari, mara mishale, mara msichana wa mstari wa mbele. Mtu akiwa na elimu, hata uongo wake una pindo na bitana. Na kuna kitu kilinifanya nisitake kukuamini, nitakifikia.

Jumatatu ya wiki iliyopita nimeitwa posta. Kifurushi cha Mama. Nimekifungua juu ya meza ya kukatia. Kitambaa cha buluu iliyokoza, kizito, chenye maua madogo meupe yanayoonekana ukikisogeza karibu. Ungemsikia Mama: "Hiki ni cha kuendea mahali." Hakikuwa na barua ndani.

Mimi kitambaa nikikipata kitu cha kwanza napima. Siwezi kujizuia. Upana sentimita mia na hamsini. Urefu mita tatu na robo, nimerudia mara mbili.

Nikakaa kwenye kiti.

Mtu asiyejua kushona hununua kitambaa kwa kukisia, na anayekisia hununua namba nzima: mita tatu, mita nne. Robo hainunuliwi kwa kukisia. Robo mtu ameipata kwenye hesabu. Basi nikaanza kurudi nyuma, kutoka kwenye kitambaa kwenda kwenye mwili. Kwa upana huo, mtu wa nyonga tisini na tatu, mbele na nyuma ya gauni vinalala sambamba, mikono unaikatia juu. Mita mbili zinamtosha na kipande cha kilemba kinabaki. Lakini mtu wa nyonga mia na kumi na nane, ukiongeza nafasi ya kutembelea na mishono, havilali sambamba. Lazima umkatie urefu mara mbili. Mia na ishirini na nane mara mbili ni mia mbili hamsini na sita. Pindo la chini na la juu ishirini. Mikono inaingia pembeni, isipokuwa mipana kama anavyopenda, hiyo inadai hamsini yake. Jumla mia tatu ishirini na sita. Mita tatu na robo, ukimbana sentimita moja.

Muuzaji wa huko anaijua kazi yake. Na wewe ulimpelekea namba za mstari wa juu ukamwambia ndiye Mama wa leo.

Nikageuza karatasi ya kifurushi nione muhuri. Tarehe 11 Februari. Siku moja kabla ya kuniandikia kwamba umeelewa. Wakati huo hukuwa na sababu ya kunidanganya. Hakuna mtu anayemnunulia mgonjwa wa kufa gauni la mwanamke mnene.

Kwa hiyo nakuamini. Nimekuamini kwa hesabu, si kwa barua yako. Nisamehe, ndivyo nilivyoumbwa.

Sasa sehemu yangu. Usidhani kosa ni lako peke yako. Daftari ni kweli naanzia nyuma. Lakini siku ile nilipokuwa nakunakilia nilijiambia, huyu atachanganyikiwa, ngoja nimpangie. Nikafungua kutoka nyuma, nikaandika la kwanza kwanza na la mwisho mwisho, kama watu wanavyosoma. Nilikugeuzia gauni tayari, nikakukabidhi upande wa kuvaa. Wewe ukaligeuza tena. Kila mmoja wetu alimwonea mwenzake huruma mara moja, na huruma mbili zikafutana. Sikuandika "nimekupangia." Ni neno moja tu.

Na kwa nini sikuandika waziwazi kwamba ni mgonjwa? Mama aliniapisha. Alisema, "Huyo akija saa hizi atanitazama kama mtihani uliomshinda, halafu wa kwake kweli utamshinda. Akipata kazi ndipo umwambie." Nikaapa nisiseme, nisiandike. Namba sikuziapia. Nilijiona mjanja: nitamwambia bila kumwambia, na kiapo changu kibaki kizima. Mjanja mimi, hodari wewe, na aliyelala kitandani ni mwingine.

Sasa lile lililonifanya nisitake kukuamini. Barua yako ya kazi ilifika Alhamisi, siku moja kabla Mama hajafariki. Nilimsomea. Alinishika mkono, alikuwa hana nguvu hata ya kushika kikombe lakini alinishika, akasema, "Basi. Sasa mwambie aje."

Nikamwambia, "Anajua, Mama."

Akasema, "Anajua?"

Nikasema, "Anajua tangu mwezi wa pili."

Aligeukia ukutani. Nikarudi kwenye mashine na hasira zangu, nikakanyaga mpaka jioni, simu ikiwa mfukoni mwa aproni. Simu ningeipiga saa ile ile, ungesikia sauti yake. Alikuwa na saa ishirini na mbili zaidi. Nimezihesabu.

Ndiyo maana, ulipoandika "sikujua," nilitamani uwe mwongo. Ukiwa mwongo, nilimwambia ukweli. Ukiwa mkweli, nilimdanganya Mama siku yake ya mwisho.

Wiki nzima sikugusa kitambaa. Jana nimekikata. Nilikikata kwa mstari wa juu, kwa yule Mama uliyemwona wewe ukalia. Kimeingia chote, kilichobaki hakifuniki kiganja. Nilipomaliza nikaligeuza, nikalipiga pasi, na kwa kuwa hakuna mwanasesere wa dukani mwenye mwili huo, nikalivaa mwenyewe.

Limenikaa. Kiuno mia na nne, nyonga mia na kumi na nane. Kifua tu ndicho kimenizidi sentimita mbili. Sikujua nimefika huko. Mimi hupima watu, sijipimi. Nikasimama mbele ya kioo kirefu cha wateja, kwa namba zile zile na kitambaa ulichokichagua wewe, nikangoja. Wasichana wakaacha mashine zao. Mdogo wao akasema, "Fundi, umependeza." Mwingine akamkanyaga mguu.

Hakuwa Mama, mdogo wangu. Alikuwa mimi nimevaa gauni. Wewe ulisema umbo linarudi zima kama hujaacha hata kipimo kimoja. Mimi nilikutumia vitatu na urefu, mara tano. Kuna ambacho tulikiacha, mimi na wewe, na sijui kinapimwa wapi mwilini.

Gauni nimelitundika. Sitaliuza, wala sitalivaa tena.

Daftarini vipimo vyako ninavyo, ukurasa wa mwisho kabisa, yaani wa kwanza. Suruali ya safari. Kiuno sabini na moja, mguu mia na nne. Ni vya mtu wa miaka kumi na tisa, haviwezi kuwa vyako tena. Usinitumie vipya kwa barua. Sivitaki kwenye karatasi. Nataka usimame hapa dukani, mikono umeinua, nikuzungushie tepu mwenyewe.

Kuna neno la herufi nne lililonishinda kuandika tarehe 29 Januari, likanishinda tarehe 1 Machi, na Alhamisi ile likanishinda kulitamka wakati simu ilikuwa mfukoni. Limechelewa kwa mwenye kulitaka. Naliandika hata hivyo.

Njoo.

Dada yako